Gobori Lililopiga Nyuma

Mtumishi wa mochari alikibana kile chuma kwa koleo, akavuta, akavuta tena, na kilipotoka akakitupa kwenye sahani ya bati kikalia. Josée Chomba hakugeuza uso. Alikuwa ofisa wa upelelezi, OPJ kama wanavyosema watu wa Lubumbashi, katika kituo kidogo cha polisi huko Annexe, na kazi hiyo ilikuwa imemwonyesha vichwa vilivyopasuliwa kwa shoka, kwa jembe, hata kwa chupa ya bia. Kichwa cha Chisanga kilikuwa cha namna yake. Juu ya jicho la kushoto palikuwa na tundu la duara ambalo kidole gumba kingeingia bila shida, na jicho lenyewe lilikuwa limelala shavuni.

"Hii hapana risasi, Mama OPJ," mtumishi alisema. "Risasi miye naijua. Hii iko buloni. Angalia, na kichwa yake iko."

Kweli ilikuwa buloni, bolti nene ya chuma kama zile zinazofunga chasisi ya lori. Josée aliiosha bombani akaigeuza mwangani. Upande mmoja ulikuwa na kichwa kilichochakaa, chenye alama ya patasi. Upande wa pili ulikuwa umekatwa kwa msumeno, na mkato wenyewe uling'aa, mpya kabisa. Katikati yalibaki meno machache tu, na kwenye meno hayo kulikuwa kumenasa kitu cheupe, chembamba.

"Ile nyeupe ni bongo?"

"Bongo haivutikake vile, Mama."

Josée alikishika kwa kucha akavuta. Kilirefuka, kikasinyaa, hakikukatika. Alivitia vyote ndani ya glavu ya mpira, akaifunga fundo na kuitumbukiza mfukoni.

"Sikia, papa. Bantu bakikuuliza, sema ulitosha risasi mu kichwa. Buloni, tunaijua miye na weye na huyu maskini."

"Na famiya ikiuliza?"

"Famiya zaidi."

Siku iliyotangulia walikuwa wamemzika Mzee Mutale, mwindaji wa zamani wa Annexe, ambaye presha ilimwangusha mlangoni kwake. Wawindaji wa ukoo wao humsindikiza mwenzao kwa baruti. Kila mmoja alikuja makaburini na gobori lake, akalishindilia baruti na vitambaa bila risasi, akapiga juu ya kaburi kuelekea porini. Gobori la marehemu mwenyewe hupigwa mwisho, na anayelipiga ni mpwa wake, mtoto wa dada, kwa sababu huyo ndiye mrithi. Mpwa huyo aliitwa Jeannot, mchuuzi wa samaki kutoka Kasenga. Jeannot alielekeza mtutu porini, akavuta, na mbele halikuanguka hata jani. Aliyeanguka ni Chisanga, mtoto mkubwa wa marehemu, aliyekuwa ameinama nyuma yake kuchota udongo wa kutupa kaburini.

Basi ikawa kama unavyotarajia. Bunduki inayopiga nyuma si bunduki, watu walisema, ni bulozi mtupu, uchawi wa kuua. Jeannot alianza kwa kumla mjomba wake, sasa anamaliza watoto. Waliokuwa wakilia kaburini waliacha kulia wakatafuta mawe. Josée alilichukia neno hilo bulozi kuliko alivyowachukia wezi. Mwizi ukimkamata unaweza kumfunga. Neno lile humpata mtu asubuhi, jioni amekuwa majivu, na kesho yake ukiuliza, mtaa mzima hakuna aliyekuwepo.

Alirudi kituoni kwa taksi ya pikipiki, maana gari la kituo lilikosa tairi la mbele. Tairi lilikuwa nje ya uzio, mikononi mwa watu. Walilifungua wenyewe jana mchana kweupe, wakalivisha shingoni mwa Jeannot, na walikuwa wanatafuta kiberiti pale brigadia Symphorien alipopiga hewani na kumburura yule mtu hadi ndani. Tairi hawakulirudisha. Lilikuwa bado lina kazi.

Juu ya kreti ya bia alisimama Dédé, mdogo wake Chisanga, sauti imekauka kwa kupiga kelele.

"Mutupatie ye! Aliua papa, aliua yaya yangu Chisanga! Siye tunalia, beye banamulisha mukate!"

Jiwe lilipita karibu na sikio la Josée likagonga bati. Symphorien alifungua mlango kiasi cha mwili mmoja kupita. Damu ilikuwa imekauka kwenye nyusi zake.

"Chef, banasema habamuzike Chisanga mbele ya kuchoma uyu. Banatuma muntu kutafuta essence, ya jana banaimwanga yote chini. Essence ikifika, banavunja."

"Na gari ya polisi ya kutoka ville, kule mujini?"

"Inakuya. Tangu jana inakuya." Alipapasa bunduki yake. "Nabakia na risasi mbili, na moja ile siiaminie."

Jeannot alikaa sakafuni mwa selo, mkono wa kulia umefungwa kitenge kilicholowa. Meno ya mbele yalikuwa yamebaki makaburini. Shingo yake bado ilinuka ile essence ya jana, petroli tupu, hadi nje ya nondo. Karibu na mlango, mezani, liliwekwa lile gobori: mti mweusi wa kitako, na juu yake mtutu uliotengenezwa kwa bomba la usukani wa lori. Mbele mtutu ulikuwa mzima. Nyuma, pale ambapo palipaswa kuzibwa kwa buloni, palikuwa wazi, na Josée aliona sakafu kupitia tundu hilo. Aliingiza kidole. Meno ya ndani yalikuwa mazima mpaka karibu na mdomo wa tundu hilo la nyuma. Pale mwishoni tu ndipo yalikuwa yamechanika.

"Ulipakia weye mwenyewe?" alimuuliza Jeannot.

"Miye. Mbele ya bantu bote. Baruti, kitambaa, nikashindilia. Risasi hakuna, Mama, naapa."

"Naamini. Sasa nionyeshe namna uliishikilia."

Jeannot alisimama kwa kuegemea ukuta. Aliweka mkono mzima ubavuni, usawa wa kiuno, kiwiko nje.

"Apa? Juu ya nini si ku bega?"

"Mfuti ya mufu habaiweke ku bega." Alimshangaa, mama mzima hajui kwamba bunduki ya marehemu haifiki begani. "Mpaka matanga iishe, banivalishe shanga, nipyane. Kiisha kupyana njo bega inakuwa ya kwangu."

Kupyana ni kusimama mahali pa marehemu: kuchukua jina lake, gobori lake, nyumba yake na watoto wake.

"Nani anajua hiyo mambo ya bega?"

"Bawindaji bote."

"Na bengine?"

"Bantu ba ville bataijua wapi? Beye banaonaka tu moshi."

Josée alitazama kiuno cha Jeannot, halafu kichwa chake. Mtu aliyeshika gobori kwa bega huweka shavu kwenye mti, na jicho linakaa nyuma ya buloni, karibu kiasi cha kuibusu. Gobori hilo halikuwa limetayarishwa kwa ajili ya Chisanga.

"Nani hakupendi mu ile nyumba, Jeannot?"

Alicheka, na mdomo ukatoa damu. "Uliza nani ananipenda. Minapyana, donc batoto ba oncle Mutale banakuwa batoto bangu. Dédé alisema mbele ya bantu, 'Miye nimuite papa muntu mwenye kunuka samaki?' Lakini ni maneno ya matanga, Mama. Bantu banasemaka."

"Na mwenye kutengeneza hii mfuti?"

"Mwenya. Fundi Mwenya. Alikamata mfuti siku oncle alikufa, akaiosha, akairudisha." Jeannot aliinua macho. "Pale makaburi, mfuti ilipopiga, akakimbia."

Nje mtu alianzisha wimbo. Josée alitokea mlango wa nyuma, akapita kwenye shamba la mihogo la jirani.

Nyumbani kwa marehemu wanawake waliketi kwenye mikeka, na Mama Victorine, mjane, alikuwa katikati yao amejifunika kitenge kichwani. Kwa siku chache alikuwa amepoteza mume na mtoto, na bado alimwita mtu amletee mgeni maji. Bomba lilikuwa pale uani, jipya, linameremeta, na kwenye shingo yake palikuwa pamezungushwa kitu cheupe.

"Maji iko muzuri hapa," Josée alisema, kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Njo Dédé alituwekea robinet. Ni kazi yake, plombier, fundi wa bomba. Mbele tulikuwa tunateka kule mbali." Mama Victorine alijipangusa uso. "Mama OPJ, utamuachia bamuchome Jeannot?"

"We unataka?"

"Miye nataka Chisanga." Alikirekebisha kitenge kichwani. "Siyue kama Jeannot iko mulozi. Alikuwaka mutoto wa kimya."

"Mfuti ilikuwa wapi mbele ya kuzika?"

"Fundi Mwenya aliileta, nikaitundika mu chumba ya maiti, juu ya mulango. Njo kawaida."

"Nani alilala mule?"

"Batoto bangu. Chisanga alikuwa anatokatoka kupokea bageni. Dédé hakutoka." Aliutazama ule mlango. "Dédé alimupenda kaka yake, Mama. Hata pale makaburi, Chisanga alisimama mbele, karibu na shimo. Dédé alimukamata mukono, akamuvuta, akamuambia, 'Yaya, usisimame mbele ya mfuti, pita kule nyuma.' Alimuchunga. Na bado kifo ilimufuata kule nyuma."

Wanawake waliitikia kwa kilio. Josée alikunywa maji yake akaaga. Kichwani alikuwa na Mwenya. Fundi aliyeziba bunduki vibaya, kisha akatoweka, ni mtu wa kutafutwa kabla ya mwingine yeyote.

Wengine walikuwa wamemtafuta kabla yake. Banda la Mwenya lilikuwa limevunjwavunjwa, mivukuto imechanwa kwa kisu, mitutu isiyokamilika imetupwa barabarani. Mke wake alikuwa anaokota misumari kwenye majivu.

"Alienda Sakania," alisema bila kuulizwa. "Na treni."

"Treni gani? Leo hakuna treni."

Mwanamke aliokota msumari mwingine. Josée alizunguka banda. Nyuma kulikuwa na magunia ya makaa yamepangwa ukutani, na mbele ya magunia hayo udongo ulikuwa na alama za miguu iliyoingia, hakuna iliyotoka. Alivuta gunia la juu.

Mdomo wa gobori ulitokea kwenye giza, ukasimama mbele ya kifua chake. Aliona jicho moja jekundu, akaona kidole, akasikia nyundo ya bunduki ikigonga. Fataki ililia ta! Cheche iliruka. Baruti haikushika.

Josée alishika mtutu kwa mikono yote miwili, akausukuma juu, na goti lake likaingia mahali panapoumiza wanaume. Mwenya alitoka na makaa yake yote, akaanguka kifudifudi akikohoa. Josée alimkalia mgongoni na kumbana mkono hadi aliposikia kiungo kinalia. 

"Ulitaka kuniua, we mujinga?"

"Nilifikiri ni bale ba pneu, ba kuchoma na tairi! Mama, nisamehe, nilifikiri ni bo!"

"Shukuru baruti yako iko mubaya."

"Si mubaya," Mwenya alisema, mdomo ndani ya vumbi. Hata pale fundi alikuwa na kiburi chake. "Ilishika bukungu tu."

Alimwachia aketi. Akafungua fundo la glavu na kumwekea buloni kiganjani. Mwenya aliigeuza, akapitisha kidole kwenye kichwa chake, kisha kwenye mkato. Uso wake ulibadilika.

"Kichwa ni ya kwangu. Angalia, alama ya patasi, na ingine iko ku mtutu. Naikaza mpaka bile alama mbili binakutana. Lakini miye naipatia murefu wa gumba muzima. Hii banaikata mukia."

"Ikikatwa, kwa inje inaonekana?"

"Haionekane. Kichwa inakaa tu mahali yake. Lakini ndani inashikilia na meno mbili. Ile ni kizibo ya chupa, Mama." Alikwaruza kile cheupe. "Na hii ni nini? Siye tunazungushaka uzi ya pamba na nta ya nyuki. Hii siijue."

Josée aliijua. Alikuwa ametoka kuiona, tena alikunywa maji mbele yake. Téflon, utepe mweupe wa mafundi bomba, ambao hawawezi kukaza kitu chochote chenye meno bila kuuzungusha kwanza. Buloni fupi ingechezacheza mkononi mwa yeyote ambaye angeigusa. Kwa utepe ule ilikaza, ikatulia. Aliyeikata alikuwa peke yake na maiti ya baba yake, na mikono ikafanya kama ilivyozoea kazini.

Lakini téflon inauzwa kila duka la vifaa, na wakili yeyote wa mjini angelicheka. Na essence ilikuwa njiani.

"Simama," alimwambia Mwenya. "Tosha baruti yote mu hii mfuti yako, uimwange chini. Yote. Kisha tunaenda."

"Wapi?"

"Kwa bale ba pneu."

Mwenya alianza kulia tena. Josée hakumlaumu.

Walipofika kituoni bidoni ya njano, dumu la petroli, ilikuwa imekwisha kufika. Ilikuwa chini, karibu na tairi, na lango la uzio lilikuwa limelala. Symphorien alisimama mlangoni peke yake, bunduki kifuani, sare imechanika begani. Mama Victorine naye alikuwepo. Vijana walimleta ashuhudie, wakamweka kwenye kiti cha plastiki kama mgeni wa heshima wa harusi.

Walipomwona Mwenya walinguruma. Josée alilinyanyua gobori la Mwenya juu ya kichwa chake.

"Mutuchome bote leo, nimechoka na mweye!" alipaaza sauti. "Lakini mbele munisikilize. Munasema bulozi. D'accord, sawa. Bulozi iko wapi, mu mfuti ao mu mukono ya Jeannot?"

"Mu mukono!" walijibu. "Mukono yake!"

"Dédé, weye unasema nini?"

Dédé alishuka kwenye kreti. Macho yalikuwa yamevimba kweli. Hakuna aliyeweza kusema kilio kile kilikuwa cha kuigiza. "Mu mukono yake. Ye njo mulozi."

"Donc mfuti haina kosa?"

"Haina."

"Muzuri. Hii ni mfuti ingine. Fundi Mwenya njo aliitengeneza, namna moja na ya papa yako, na aliiosha siku moja na ile. Iko na baruti na kitambaa, risasi hakuna." Alikuwa anadanganya, na alidanganya kwa uso mkavu. "Kamata. Piga juu, bantu baone. Ikipiga mbele, Jeannot njo mulozi, na miye sitamukataza muntu kitu."

Symphorien alimgeukia kana kwamba amepandwa na wazimu. Umati ulipiga makofi. Ulikuwa mchezo mzuri, na kila mtu aliuelewa.

"Miye sijagusaka mfuti," Dédé alisema. "Tangu nizaliwe. Papa alikatalia."

"Si kitu. Jeannot alishikilia ku kiuno, bulozi ikapata njia. We weka ku bega, sawa basoda ba jeshi. Weka shavu apa. Jicho apa."

"Ku kiuno?"

Lilimtoka lenyewe. Josée alimtazama.

"Ku kiuno. Hukuona? Ulikuwa unaangalia nini? Mfuti ya mufu habaiweke ku bega. Papa yako hakukuambia?"

Watu walikuwa wanapiga kelele, "Piga! Piga, Dédé!" Mtu alimsukuma mgongoni. Alilipokea gobori, akaliinua mpaka begani, shavu likakaribia mti. Likasimama hapo. Kisha kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilipanda taratibu, kikapita nyundo, kikapita fataki, kikafika nyuma ya mtutu. Kikakamata kichwa cha buloni na kukizungusha.

Buloni haikusogea. Akaijaribu tena kwa vidole viwili, kwa nguvu zaidi, kisha akainamisha uso kuitazama kwa karibu.

"Unatafuta nini pale?" Josée aliuliza.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, na ukimya ukaenda nyuma kama maji yanavyopanda kitambaa.

"Kila muntu hapa anaogopa mukono ya Jeannot," alisema. "Weye peke yako unaogopa buloni. Nani alikuambia mambo ya buloni, Dédé? Mi sikusema. Ku mochari habakusema. Bantu bote banajua tu risasi." Alitoa glavu mfukoni, akaifungua, akainua kile chuma ili jua likipige. "Iyi njo nilitosha mu kichwa ya yaya yako. Banaikata na msumeno. Banaizungusha téflon, sawa robinet. Ilikuwa ya Jeannot, imupasue uso mbele ya kupyana. Nadanganya?"

Gobori lilimponyoka Dédé. 

Mama Victorine aliinuka kwenye kiti cha plastiki. Alikuja polepole, watu wakimpisha, akasimama mbele ya mwanawe na kumtazama mkono, si uso.

"Ulimukamata na hii mukono," alisema. "Ulimuambia apite nyuma."

"Mama..."

"Alikuwa anasimama pazuri. Njo weye ulimuvuta."

"Nilimutosha mbele ya mfuti!" Dédé alipiga yowe kama mtoto aliyeungua. "Mama, nilifikiri itabakia mu kichwa ya ule! Nilifikiri nyuma ni pazuri! Mama, nilimuweka pazuri!"

Umati haukuhitaji zaidi. Watu hawa walikuwa wamekuja kuchoma mtu, na jina lake halikuwa jambo kubwa sana. Josée alimrukia Dédé, akamkosa. Walimwangusha. Fimbo zikaanza, kisha nusu tofali, na mlio wa tofali juu ya mfupa ulisikika hadi mlangoni. Symphorien alipiga hewani risasi yake ya kwanza. Hawakuinua hata vichwa. Alivuta tena, na ile asiyoiamini ilikataa. Tairi lilipita juu ya mikono ya watu, likamwangukia Dédé shingoni. Bidoni ilifunguliwa. Josée aliingia kati ya miili akipiga kwa kitako cha gobori popote palipokuwa na mkono, akipigwa yeye pia, na alijua kwamba hatafika kwa wakati.

"Acha!"

Sauti ilitoka mlangoni. Jeannot alikuwa amesimama pale, ufunguo wa selo ukining'inia bado kwenye kufuli nyuma yake, pale Symphorien alipousahau. Alikuwa na uso uliovimba, shingo nyekundu, mkono kwenye kitenge. Watu walimgeukia, labda kwa sababu jana walikuwa wamemuua na leo anatembea. Alipita katikati yao, na hakuna aliyemgusa. Mwenye bidoni alirudi hatua moja.

Jeannot alimwendea kwanza Mama Victorine, akapiga goti.

"Mama, beye banasema mi napyana oncle. Ni kweli ao si kweli?"

Mjane alichelewa kujibu. Damu ya Dédé ilikuwa inachuruzika hadi kwenye sandali zake.

"Ni kweli," alisema. "Ulipiga mfuti yake. Ni kweli."

"Donc batoto bake ni bangu."

Aliinuka. Kwa mkono mmoja ulio mzima alilishika tairi, na kwa kuwa alikuwa dhaifu ilimbidi alivute mara kadhaa, likikwaruza masikio ya Dédé, mpaka lilipotoka.

"Uyu ni mutoto wangu," aliwaambia. "Mutoto wangu habamuchome. Mama OPJ atamupeleka ku parquet, bamushitaki, bamufunge myaka yote banataka. Lakini kumuchoma, hapana."

Dédé alikuwa bado chini. Aliinua macho kwa mtu aliyenuka samaki na petroli. Josée alimpiga pingu bila upole. Mama Victorine hakumgusa mwanawe wala hakumwangalia. Alimwuliza Jeannot kama mkono unauma, akamwambia kwamba nyumbani kuna maji safi ya kuuosha.

Bidoni ilifungwa. Watu waliondoka wawiliwawili, wakizungumza juu ya jua na ya maziko, kama waliokuwa wanapita tu. Symphorien aliokota tairi, akaliviringisha hadi kwenye gari la kituo, akaanza kutafuta spana.